Mzimu Jukwaani: Kolelo wa Uluguru, Kinjeketile wa Ebrahim Hussein na Maigizo ya Mafumbo Matakatifu

Mtunzi anayepeleka habari takatifu jukwaani hukabiliwa na tatizo ambalo mtunzi wa tamthiliya ya ndoa au ya siasa halijui. Katika hadhira yake wamo wanaoamini kwamba tukio lile lilitokea na bado lina nguvu, na wamo wanaoliona kuwa ni masimulizi ya wazee tu. Akiwafuata wa kwanza, jukwaa hugeuka madhabahu. Akiwafuata wa pili, hugeuka jumba la makumbusho. Makala hii inachunguza namna tatizo hilo lilivyotatuliwa katika Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, kwa kuisoma kutoka upande wa milima ya Uluguru badala ya bonde la Rufiji ambako tamthiliya yenyewe imewekwa. Kipimo cha kulinganishia ni maigizo ya mafumbo matakatifu ya miji ya Uingereza ya zama za kati, pamoja na namna yalivyorudishwa jukwaani katika karne ya 20.

Hoja inayotetewa ni kwamba Hussein alichukua habari ya mtandao wa mizimu, mahujaji na wajumbe, akaifanya habari ya mtu mmoja. Kwa kufanya hivyo aliipa nchi changa shujaa na mateso yake. Papo hapo, sehemu ya historia ambayo Uluguru inaishuhudia kwa nguvu zaidi ilibaki nje ya jukwaa. Ulinganisho huu haudai kwamba mtunzi aliiga maigizo ya Ulaya. Unachodai ni kwamba tatizo moja, likitatuliwa mahali pawili na watu wasiojuana, huacha alama zinazofanana, na tofauti zilizopo kati ya alama hizo ndizo zenye kufundisha.

Maigizo ya mafundi

Katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, maigizo ya mafumbo yanatajwa katika kumbukumbu za mji tangu mwaka 1376. Yaliigizwa katika Sikukuu ya Mwili wa Kristo, tangu alfajiri hadi usiku, juu ya magari ya kukokotwa yaliyosimama kituo baada ya kituo mitaani. Maandishi yaliyosalia yana maigizo mafupi yapatayo 48, kuanzia Uumbaji hadi Siku ya Hukumu. Kila igizo lilikuwa jukumu la chama cha mafundi, na mara nyingi kazi ya chama ililingana na habari yenyewe: waunda meli walionesha ujenzi wa Safina ya Nuhu, wavuvi na mabaharia walionesha Gharika, waokaji mikate walionesha Karamu ya Mwisho, na mafundi wa pini na misumari walionesha kusulubiwa kwa Yesu.

Igizo hilo la mwisho linastahili kuangaliwa kwa karibu. Askari wanne wanaomgongomea Yesu msalabani hawazungumzi juu ya dini. Wanazungumza kama mafundi kazini: tundu limetobolewa mbali mno, mkono haufiki, inabidi wavute kwa kamba, msalaba ni mzito, na mwenzao hafanyi sehemu yake. Hadhira iliyosimama mtaani iliwatambua, kwa kuwa ilifanya kazi nao kila siku. Utakatifu wa tukio haukuhitaji kutetewa, maana kila mtu aliukubali. Kilichohitaji kuoneshwa ni kwamba tukio lile takatifu lilitendwa na mikono ya watu wa kawaida, na kwamba mikono hiyo ingeweza kuwa ya yeyote kati ya watazamaji.

Maigizo ya York yalikoma mwaka 1569, na yale ya Chester mwaka 1575, wakati Matengenezo ya Kanisa yalipokuwa yamekwisha kuyatia shaka. Yaliporudi, yalirudi kwa njia mbili tofauti. Mwaka 1951, katika Tamasha la Uingereza, E. Martin Browne aliyaongoza York kwenyewe, mbele ya magofu ya abasia ya Mtakatifu Maria. Yaani habari ilirudishwa mahali pake, ingawa imani iliyokuwa imeibeba ilikuwa imepungua sana. Njia ya pili ilichukuliwa na mshairi Tony Harrison, ambaye alitayarisha upya maandishi hayo kwa ajili ya National Theatre ya London. Sehemu ya Mateso ilioneshwa mwaka 1977, na mfululizo wote wa sehemu tatu, kwa jina la The Mysteries, ulikamilika mwaka 1985 chini ya uongozi wa Bill Bryden. Watazamaji walisimama katikati ya waigizaji. Waigizaji walivaa nguo za wachimba migodi, wachinjaji nyama na wafanyakazi wengine, wakazungumza kwa lafudhi za kaskazini, na Mungu alionekana juu ya gari la kuinulia mizigo. Harrison hakudai imani kwa hadhira yake. Alihamisha heshima kutoka kwa Mungu anayesimuliwa hadi kwa wafanyakazi wanaosimulia.

Afrika nayo iliyapokea maandishi hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, maigizo ya Chester yalioneshwa na waigizaji wa Afrika Kusini chini ya Mark Dornford-May kwa Kixhosa, Kizulu, Kiafrikana na Kiingereza, kwa jina la Yiimimangaliso. London iliyaona mwaka 2001. Huo ni mfano wa maandishi ya Ulaya kusemeshwa lugha za Afrika. Mfano wa Tanzania ni mgumu zaidi, kwa sababu habari takatifu yenyewe ilikuwa ya hapahapa.

Kwa nini si mitume

Lazima kwanza ielezwe ni kwa nini tamthiliya ya Kiswahili ilipotafuta habari takatifu haikuiendea Biblia wala visa vya mitume. Pwani ya Waislamu ina hazina kubwa ya masimulizi matakatifu, lakini hayo yalikaa katika utenzi na maulidi. Mtume husimuliwa, husifiwa na kusaliwa, haigizwi. Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini, alikulia katika utamaduni huo. Julius Nyerere, Mkatoliki aliyefasiri tamthiliya mbili za Shakespeare, alipotaka kuziweka Injili katika sanaa ya Kiswahili alichagua tenzi na si mchezo wa jukwaani; tenzi zake za Biblia zilitoka mwaka 1996. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu aliyeujua utunzi wa aina zote mbili aliona utenzi ndio unaofaa.

Upande wa Morogoro hali ilikuwa tofauti kidogo. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walifungua misheni Morogoro katika miaka ya 1880 na baadaye wakapanda Uluguru. Pamoja na Ukatoliki kulikuja Njia ya Msalaba na vituo vyake 14, ibada ambayo kwa asili yake ni igizo la kutembea. Desturi ya vijana wa parokia kuigiza mateso ya Yesu Ijumaa Kuu ndiyo ndugu wa karibu zaidi wa magari ya York katika Afrika ya Mashariki. Hata hivyo igizo hilo ni la ibada. Halikukusudiwa kusimama mbele ya wasioamini na kuwauliza maswali.

Na kabla ya misheni kulikuwa na sanaa nyingine. Penina Muhando, aliyezaliwa Berega wilayani Kilosa mwaka 1948 na ambaye ni miongoni mwa waasisi wa tamthiliya ya kisasa ya Kiswahili, alionesha katika utafiti wake juu ya sanaa za maonesho za Wakaguru kwamba unyago na ngoma ya digubi ni sanaa kamili ya maonesho, ambamo wimbo, ngoma, uigizaji na mafunzo havitenganishwi. Katika sanaa ya namna hiyo hakuna mtazamaji asiyehusika. Aliyemo ndani ni mwali, kungwi, mzazi au ndugu; asiyehusika hayumo. Jukwaa la chuo kikuu, ambalo mlango wake uko wazi kwa yeyote, linafanya kazi kwa kanuni iliyo kinyume kabisa. Habari inapotoka katika sanaa ya namna ya kwanza na kuingia katika sanaa ya namna ya pili, kuna kitu ambacho hakina budi kubadilika.

Pango la Kolelo

Milima ya Uluguru inainuka ghafla nyuma ya mji wa Morogoro hadi zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Inakinga pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na maji yake hushuka kwa mito ambayo mingi huishia katika Ruvu, mto unaokatiza nchi ya Wazaramo kabla ya kufika baharini. Aliyelima tambarare za Ukutu au Uzaramo alitazama mawingu ya Uluguru ili ajue kama mwaka huo atakula. Si ajabu, basi, kwamba wenye mvua walitafutwa huko juu. Ukoo wa Kingalu uliheshimiwa kwa elimu ya mvua, lakini jina lililosikika mbali zaidi lilikuwa la Kolelo.

Kolelo alikuwa mzimu uliokaa pangoni na kuaminiwa kuwa hujidhihirisha kwa umbo la nyoka mkubwa. Watu waliuendea kuomba mvua, mavuno na uzazi, nao walipokea majibu kupitia kwa watunzaji wa pango. Jina lake lingali hai katika Kolero, kata ya Morogoro Vijijini. Richard Burton, aliyepita chini ya milima hiyo mwaka 1857, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 habari za pango la mzimu alilolitaja kwa majina mawili, Kurero na Bokero. Majina hayo mawili ni ushahidi wenye thamani kubwa. Bokero ndilo jina la mzimu wa Kibesa kwenye mto Rufiji, ule ule ambao nusu karne baadaye ulihusishwa na dawa ya maji. Tofauti ya Kolelo, Kurero na Bokero ni tofauti ya matamshi na ya mahali. Heshima iliyokuwa ikiendewa ilikuwa ya jamaa moja. Kwa maneno mengine, miaka 48 kabla ya vita, watu wa makabila mbalimbali walikuwa tayari wakipita njia zinazokutana kwenye mizimu ya namna moja, toka Uluguru hadi Rufiji.

Mwaka 1905 njia hizo zilibeba habari nyingine. Martin Klamroth, mmisionari wa Misheni ya Berlin aliyefanya kazi Uzaramo, aliandika miaka michache baada ya vita kuhusu maneno yaliyokuwa yakienezwa kwa jina la Kolelo: kwamba amekataza kodi isilipwe tena kwa wageni weupe, kwamba gharika kubwa itawaangamiza pamoja na wafuasi wao, na kwamba bunduki za askari zitatoa maji tu. Maji hapa si dawa ya kupakwa mwilini. Ni gharika, na ni risasi iliyoyeyuka. Anayezijua habari za Nuhu ataona kwamba mafundi wa York wangeielewa kauli hiyo mara moja. La muhimu zaidi ni kwamba Kolelo, mzimu wa mvua na shamba, alitoa amri juu ya kodi. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imewaondoa watu kwenye mashamba yao wenyewe na kuwapeleka kwenye mashamba ya pamba ya kulazimishwa; mwenye mamlaka juu ya rutuba ya ardhi alikuwa na haki ya kulisemea hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ngarambe, na baada ya Ngarambe

Habari za Kinjeketile Ngwale zilikusanywa na kuandikwa hasa na G. C. K. Gwassa, na mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa wakikumbuka vita. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, mwaka 1904 Kinjeketile wa Ngarambe alipandwa na mzimu Hongo, akaingia kwenye kina cha maji, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Alijenga nyumba iliyoitwa kijumba-nungu, mahali pa kukutana na waliokufa. Mahujaji walimiminika. Habari ilipita kwa minong'ono, wapiganaji wakafanya mazoezi, na wajumbe wakapeleka maji nchi za mbali. Kinjeketile aliwaambia wasubiri. Wamatumbi walichoka kusubiri, na mwishoni mwa Julai 1905 walikwenda Nandete wakang'oa pamba ya serikali. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro mapema mwezi Agosti.

Mfuatano huo wa tarehe una uzito kuliko unavyopewa kwa kawaida. Kinjeketile alikufa vita vikiwa na siku chache tu. Boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 Agosti, karibu mwezi mzima baadaye. Uasi ulikwenda kusini hadi Ungoni na kaskazini kuelekea Uluguru na Kilosa, ukadumu kwa namna mbalimbali hadi mwaka 1907, na pamoja na njaa iliyofuata uliua watu ambao makadirio yanawaweka kati ya 75,000 na 300,000. Vita hivyo vyote, isipokuwa siku zake za mwanzo, vilipiganwa bila Kinjeketile. Waliovibeba ni wajumbe, na wajumbe hao waliitwa kwa jina la mzimu wenyewe: hongo. Katika historia, basi, Hongo si jina la mzimu wa mtu mmoja tu. Ni cheo kilichotembea kutoka nchi hadi nchi kikiwa na mwiko na kibuyu chake.

Wanahistoria wa baadaye wamelitazama jambo hili kwa ukali zaidi kuliko kizazi cha miaka ya 1960. Mkusanyo uliohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 unaonesha jinsi kila sehemu ilivyokuwa na sababu zake za kuingia vitani au kukataa, na jinsi masimulizi ya umoja yalivyopewa sura na mahitaji ya taifa lililohitaji mzizi wa pamoja. Nyerere mwenyewe alikwisha kuitumia kumbukumbu ya vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Ukosoaji huo ni wa haki, lakini usipoangaliwa unaweza kufuta kupita kiasi. Ushahidi wa Kolelo unaonesha kwamba umoja wa namna fulani ulikuwapo kweli. Haukuwa wa taifa wala wa mtu mmoja, ulikuwa wa hija.

Alichokifanya Hussein

Kinjeketile ya Hussein inaanza kwa njaa. Wanawake wanazungumza juu ya chakula kisichotosha huku waume zao wakiwa kwenye shamba la mzungu. Wanaume wanapokutana, shida yao ya kwanza si bunduki za Wajerumani. Shida ni wao wenyewe: Mmatumbi hamwamini Mkichi, Mngindo anashukiwa, na kila kabila lina kumbukumbu ya ubaya wa jirani. Juu ya ukame huo wa imani Kinjeketile anapandwa na Hongo, anaelekea mtoni, anazama. Anaporudi anatoa neno la umoja na maji. Yaani katika tamthiliya umoja haupo kabla yake. Unazaliwa siku ile mtoni, kinywani mwake.

Kama usanii, uamuzi huo ni sahihi. Jukwaa haliwezi kuonesha miaka 50 ya hija, wala halina nafasi ya njia za miguu kati ya Kibesa na Uluguru. Lina nafasi ya mtu anayetetemeka mbele ya wenzake. Aidha, Hussein hakujificha. Alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa na asichukuliwe kuwa nakala ya yule wa historia. Hata hivyo uamuzi wa kisanaa una matokeo ya kihistoria pale tamthiliya inaposomwa na watu wengi kuliko kitabu cha historia, kama ilivyotokea kwa Kinjeketile. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, Majimaji ni mtu mmoja, neno moja na mto mmoja.

Umbo lililopatikana kwa njia hiyo ni umbo la Mateso. Kuna mtu aliyechaguliwa asiyeweza kukataa kuchaguliwa. Kuna umati unaolichukua neno lake na kulipeleka asikotaka. Kuna kukamatwa, kifungo, na mtesaji anayedai akane. Tamthiliya hata inahamisha wakati ili kulitimiza umbo hilo: wakati Kinjeketile wa historia alinyongwa vita vikianza, wa jukwaani anabaki hai hadi aone kushindwa na ajibu kwa ajili ya waliokufa.

Hapo ndipo tofauti na York inapokuwa kubwa. Katika igizo la mafundi wa misumari, shaka haiko kwa anayesulubiwa. Yeye anajua yeye ni nani, na wasiojua ni askari wanaopigapiga nyundo. Kwa Hussein shaka iko ndani ya mtume mwenyewe. Kinjeketile anazinduka na kuuliza alisema nini. Anaambiwa kwamba, pamoja na umoja na ushindi, alisema watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anashtuka, na kuanzia hapo haamini tena kwamba aliyezungumza kwa kinywa chake alikuwa mzimu wa kweli. Neno hilo si ubunifu mtupu. Masimulizi yaliyokusanywa Umatumbi nayo yanalitaja jina la Seyyid Said. Sultani huyo alifariki mwaka 1856, na mwaka 1905 kumtaja ilikuwa ni kumtaja mtawala wa zamani ambaye mkono wake, kwa kulinganisha na ule wa Mjerumani, ulikumbukwa kuwa mwepesi. Mwaka 1969 jina hilo lilisikika tofauti kabisa. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu Mapinduzi ya Zanzibar, na miwili tangu Azimio la Arusha. Kinjeketile wa jukwaani anasikia katika ahadi hiyo kubadilishwa kwa bwana, na hadhira ya chuo kikuu ilisikia vivyo hivyo.

Kwa kipande hicho kimoja Hussein alitatua tatizo lililotajwa mwanzoni, na alilitatua kwa namna ambayo haina mfano kwa Browne wala kwa Harrison. Browne alitegemea mahali patakatifu, Harrison alitegemea utu wa wafanyakazi. Wote wawili waliiacha shaka nje ya habari, kwa watazamaji. Hussein aliiingiza ndani. Anayeamini katika hadhira anamwona mtume aliyepandwa kweli. Asiyeamini anamwona mtu aliyezidiwa na neno lake mwenyewe, neno lililokua likampita kimo. Hakuna kati yao anayefukuzwa, kwa kuwa Kinjeketile mwenyewe ni wote wawili.

Lakini gharama ipo, na inaonekana wazi zaidi ukiwa Uluguru. Shaka ya Kinjeketile ni shaka ya mtu aliye peke yake na sauti yake. Mzimu wa pangoni haukuwa hivyo. Kolelo alikuwa na watunzaji, ukoo, zawadi zilizopokelewa, miaka ya mvua iliyokuja na miaka isiyokuja. Neno lake lilipimwa kila msimu na watu waliopanda mlima na kurudi. Mamlaka ya namna hiyo haiporomoki kwa usiku mmoja wa mashaka, wala haithibitishwi kwa kutoka mtoni na nguo kavu. Waliopokea habari ya kodi na gharika huko Uzaramo hawakuwa wakimwamini mgeni aliyeibuka jana. Walikuwa wakilisikiliza jina ambalo babu zao walilipelekea sadaka. Ukilitoa hilo, unabaki na swali la kisasa, ambalo ndilo Hussein alilotaka: je, uongo unaounganisha ni bora kuliko ukweli unaotenganisha? Ni swali zito, lakini kwa kiasi kikubwa ni la mwaka 1969.

Harrison aliweza kubadilisha kwa uhuru kwa sababu kati yake na mafundi wa York kulikuwa na karne nne. Kati ya Hussein na Nandete kulikuwa na miaka 64. Wazee waliohojiwa mwaka 1968 walikuwa na majina ya waliokufa, na wengine walikuwa wamepakwa maji hayo au waliwaona waliopakwa. Kwa watu hao swali la kama dawa ilikuwa ya uongo halikuwa fumbo la falsafa. Lilihusu kama baba alikufa bure. Uzito wa onesho la mwisho unatoka hapo. Kinjeketile, aliyekwisha kupoteza imani yake, anatakiwa gerezani atamke kwamba maji yalikuwa uongo, na kuokoka kwa maumivu kunategemea tamko hilo. Anakataa, kwa hesabu kwamba tamko lake litawafikia watoto na wajukuu wa waliopigana, nao wataambiwa kwamba hapakuwa na cha kupigania. Mtu asiyeamini analinda imani kwa ajili ya wasiozaliwa.

Wajumbe hawamo katika chumba kile cha gereza. Nje ya kuta zake, katika vita vya kweli, Agosti ile ya 1905, Kinjeketile akiwa amekwisha kuzikwa, mahongo walikuwa bado njiani na vibuyu vyao, wakivuka Rufiji kwa njia ambazo mahujaji wa Kolelo walizipita kabla ya boma lolote kujengwa.